Ruhusa katika majaribio ya usalama: maana yake na inapoishia

Anayepima usalama wa mifumo na mdukuzi wanatumia zana zilezile: Nmap ya kuchunguza milango iliyo wazi kwenye mtandao, Wireshark ya kusoma data inayopita. Kinachowatofautisha ni ruhusa, yaani idhini ya maandishi ya mwenye mfumo, inayotaja ni mfumo upi, kwa mbinu zipi, kuanzia lini mpaka lini, na nani apigiwe simu mambo yakiharibika.

Vijana wengi wanaojifunza fani hii Dar es Salaam wanaamini nia njema inatosha. Haitoshi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria, uwe umeiba kitu au hukuiba. Adhabu inaanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Kifungu cha 5 kinamgusa hata aliyeruhusiwa: muda wake ukiisha naye akaendelea kubaki ndani, ni kosa.

Tuseme mwanafunzi yuko hosteli Sinza, anaangalia risiti yake kwenye tovuti ya duka la Kariakoo. Mwishoni mwa anwani kuna namba 4417. Anaweka 4418, inafunguka risiti ya mteja mwingine, jina na namba ya simu vyote vinaonekana. Tayari amegusa kisicho chake. Asimame hapohapo: asijaribu 4419, asihifadhi taarifa za yule mteja, amweleze mwenye tovuti au TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Akiandika programu ya kuvuta risiti zote eti apate ushahidi, amejikusanyia taarifa za watu wasiomjua, na hapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inaingia. Akidai alipwe kwanza ndipo aonyeshe kasoro ilipo, kwangu mimi huo ni unyang'anyi.

Uliza pia ruhusa ni ya nani. Meneja wa duka anaweza kukubali, kumbe tovuti imehifadhiwa kwenye seva ya kampuni nyingine. Neno lake halifiki huko. Na Wi-Fi ya hosteli, hata ukiwa na nywila yake, haikupi haki ya kunasa mawasiliano ya wenzako.

Pa kujifunzia papo. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, na ndani yake Metasploitable, DVWA au Juice Shop ya OWASP (shirika la usalama wa programu), mifumo iliyotengenezwa makusudi ikiwa na matundu. Ukishaiva, kwenye HackerOne, jukwaa la mtandaoni la wapimaji, kuna kampuni zinazokaribisha wapimaji na kuwalipa. Kila kampuni inaorodhesha vinavyoruhusiwa kupimwa. Isome orodha hiyo mpaka mwisho kabla ya kugusa chochote, na kama seva ya malipo imeandikwa kuwa haimo, iache hata ukiona upenyo uko wazi.