Ukarani Hadi Randa: Dhana Potofu Kuhusu Uanagenzi Ukubwani

Niliacha ukarani nikiwa na miaka 41, nikaingia karakana ya useremala Ngamiani, hapa Tanga. Watu waliniuliza kama nimefukuzwa kazi.

"Uanagenzi ni wa vijana waliofeli shule, mtu mzima atajidhalilisha." Fundi wangu ni mdogo kwangu kwa miaka tisa. Asubuhi yeye hunipa shikamoo, nami naitikia marahaba. Kazi ikianza, yeye ndiye fundi na mimi ndiye mwanagenzi. Heshima yangu haijapungua hata chembe.

"Ulichojua zamani kinapotea." Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Mkono wa mtu mzima huchelewa kweli. Patasi ilinitesa miezi mitatu. Lakini nilipoelezwa kwamba ubao mbichi husinyaa kwa upana wala si kwa urefu, ndiyo maana mlango uliotengenezwa kwa mbao ambazo hazijakauka hupasuka au kupinda, nilielewa mara moja, na tangu siku hiyo sikununua mitiki ya Longuza, shamba la miti la Muheza, bila kuuliza imekaushwa muda gani. Na ukarani? Karakana ilikuwa ikipanga bei kwa kukisia. Niliandika gharama za mbao, gundi, msasa, vanishi na siku za kazi. Tukagundua vitanda tulikuwa tunauza kwa hasara.

"Ufundi ni wa ukoo." Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Sawa, ila hawakusema mwana wa karani asiguse nyundo.

"Bila chuo hakuna cheti." Si kweli. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini: unapimwa unachokiweza, unaongezewa palipopungua, ukifaulu unapewa cheti. Tanga kuna chuo chao. Nenda mwenyewe ukaulize utaratibu na ada.

"Serikali itakulipia." Hapa nawaomba muwe waangalifu. Programu za uanagenzi zinazogharamiwa na serikali zinalenga vijana, na kwa Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 kijana ni mwenye miaka 15 hadi 35. Ukishavuka hapo, usipange maisha ukitegemea nafasi hizo. Karakana nyingi za mtaani hazilipi mshahara. Unapewa hela ya chakula, na siku nyingine hata hiyo haipo. Mimi nilianza na akiba ya miezi minane, na mke wangu akaongeza meza ya maandazi. Mwezi wa sita tulibanwa kweli.

Kwa hiyo kaa na fundi kabla ya siku ya kwanza. Kubalianeni muda wa kujifunza, hela ya chakula, nani analipa chombo kikivunjika, na kilemba, yaani zawadi ya shukrani utakayompa ukihitimu. Sisi tuliandika kwenye karatasi ya daftari, shahidi akiwa muuza mbao wa jirani, na kila mmoja akabaki na nakala yake.