DPF ya lori inajisafisha yenyewe ukiwa barabarani, usikimbilie kuikata

Wakuu, leo tuongee DPF, yaani ile filta ya masizi kwenye malori ya Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha kudhibiti moshi), maana simu nyingi ninazopokea siku hizi zinaanza hivi: "Fundi, taa ya ekzosi imewaka njano, niitoe hii kitu?" Mimi huwa najibu hapana, kwanza niambie umetoka wapi, umebeba nini, na umekaa sailensa, yaani injini inawaka gari limesimama, muda gani. Hiyo filta kwa kawaida haimhitaji fundi kuitoa masizi, inayachoma yenyewe gari likiwa linatembea, na ikishindwa ujue mara nyingi kuna kitu kimeinyima joto.

Lile boksi kubwa la ekzosi pembeni ya chesisi ndani yake kuna masega zaidi ya moja. Ya mbele yamepakwa platinamu na paladiamu, ya nyuma yake ndo filta yenyewe, imetengenezwa kwa seramiki yenye vijitundu virefu vyembamba maelfu. Kila kijitundu kimezibwa upande mmoja, na jirani yake kimezibwa upande wa pili, kwa hiyo moshi ukishaingia hauna pa kutokea isipokuwa upenye ukutani, hewa inapita, masizi yanabaki. Na hapa wengi wanakosea, wanadhani filta nzuri ni ile isiyo na masizi kabisa. Sivyo, ule utando mwembamba wa masizi juu ya ukuta unasaidia kuchuja zaidi ya ukuta mtupu, tatizo ni ukishakuwa mnene injini ikaanza kuhema kwa shida.

Sasa joto. Masizi ni kaboni, na kaboni ukiiachia oksijeni peke yake inataka nyuzi 550 mpaka 600 ndo iungue vizuri, na ekzosi ya lori kwenye safari ya kawaida haifiki huko. Kilichookoa ni kemia. Mwaka 1989 Cooper na Thoss wa kampuni ya Johnson Matthey walionyesha kwamba nitrojeni dioksidi inaweza kuchoma masizi kwenye joto la chini sana kuliko hilo, kuanzia nyuzi 250 hivi unaanza kuona kazi. Injini ya dizeli inatoa nitriki oksidi yenyewe, masega ya mbele yanaigeuza kuwa nitrojeni dioksidi, hiyo ikifika kwenye filta inayachoma masizi yanatoka kama kaboni dioksidi. Hakuna taa inayowaka, hakuna dizeli ya ziada, dereva hajui chochote, na kwangu mimi hii ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye mfumo mzima.

Chukua semi limetoka bandarini Dar na tani 30 linaenda Tunduma. Kwenye foleni ya kutoka mjini ekzosi iko kwenye nyuzi 150, 200, filta inakusanya tu. Ukishaiacha Chalinze mwendo umetulia, joto linapita 300, masizi yanaanza kuungua polepole. Alafu unafika Ruaha Mbuyuni unaanza kuipanda Kitonga, gia ya chini, mafuta yamekanyagwa, tabo (turbo) inalia, ekzosi inapanda 400 na kuendelea, na ukiwa na mashine ya kusomea kompyuta ya gari imechomekwa unaiona kabisa namba ya masizi ikishuka huku gari linatambaa. Hapo ndo nawaambiaga madereva kwamba DPF haitaki spidi, inataka injini ifanye kazi. Gari tupu linalokimbia tambarare linaweza kuwa na ekzosi ya baridi kuliko lenye mzigo linalopanda taratibu, na ukishuka mlima kwa ekzosi breki bila kukanyaga mafuta joto linaporomoka tena.

Kuna watengenezaji waliotegemea njia hii moja kwa moja. Iveco kwenye Euro 6 yao ya malori makubwa waliacha EGR (mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) wakaiachia AdBlue, ile dawa ya urea inayopulizwa kwenye ekzosi, kazi yote ya kupunguza oksidi za nitrojeni, matokeo yake moshi unaofika kwenye filta una masizi kidogo na oksidi za nitrojeni za kutosha kuyachoma. Injini zenye EGR nyingi ziko kinyume, kwa hiyo zinategemea zaidi njia ya pili.

Njia ya pili ni pale kompyuta inapoona masizi yamezidi. Inajuaje? Kuna sensa inayopima presha kabla na baada ya filta, zipo sensa za joto, na yenyewe inapiga hesabu kutokana na kazi ya injini. Ikiamua, inaongeza dizeli, kwa nozeli zile zile za injini zikipiga kwa kuchelewa au kwa nozeli ya peke yake iliyofungwa kwenye bomba la ekzosi. Ile dizeli inaungua kwenye masega ya mbele, joto linafika nyuzi 600 hivi, masizi yanaungua kwa oksijeni ya kawaida. Masega yakiwa ya baridi dizeli haiwaki, ndo maana kompyuta inasubiri kwanza. Utasikia feni inazunguka, harufu ya ekzosi inabadilika, matumizi ya mafuta yanapanda kidogo. Endelea kuendesha tu.

Kitu kibaya kabisa hapo ni kuliachia gari ghafla likae sailensa wakati filta imejaa na iko katikati ya kujichoma. Moshi mwingi unaopita ndo unaobeba joto kulitoa nje, sasa ukikatisha, masizi yanaendelea kuwaka lakini hewa ya kupoza imepungua, joto la ndani linaweza kupita nyuzi 1000 na seramiki inapasuka. Kwa hiyo ukiona alama ya joto la ekzosi na mbele yako kuna foleni ya mizani Vigwaza au Mikese huwezi kuikwepa najua, ila usisimame kununua nyanya kwa hiari yako, na usipaki juu ya majani makavu.

Nyie wa tenka sikilizeni kwa makini: ile swichi ya kuzuia filta isijichome mnaibonyeza mkiingia depo kupakia, na ni sahihi kabisa, lakini mkitoka mrudishe. Nimeyaona magari yamesafiri safari nzima swichi iko vile vile, alafu lawama zote zinaenda kwa filta.

Ukikaa siku nyingi kwenye foleni ya mpakani injini inawaka ili AC ifanye kazi, taa itawaka, hiyo ni halali yake. Paki sehemu salama, vuta handbreki, bonyeza swichi ya kujichoma ukiwa umesimama, iachie mpaka imalize. Ikianza kuomba hivyo kila mara, usiiguse filta, rudi nyuma kwenye injini: nozeli inayomwaga, tabo inayopitisha oili, paipu ya intakula (kipoza hewa ya tabo) iliyopasuka, au vile vipaipu vidogo vya sensa ya presha vimeziba. Filta inapokea tu uchafu uliotengenezwa kwingine.

Na mafuta. Salfa inakalia platinamu na kuyadhoofisha masega ya mbele. Ulaya dizeli ina salfa isiyozidi ppm 10 (sehemu 10 kwa milioni) tangu 2009, sisi Afrika Mashariki kiwango kilishushwa kuwa ppm 50 mwaka 2015, filta inaishi na hiyo, lakini dizeli ya madumu ya njiani hakuna anayejua ina nini.

Kuikata siungi mkono hata tajiri akilazimisha. IARC, chombo cha WHO cha saratani, mwaka 2012 waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na wa kwanza kuuvuta ni dereva na utingo wake wanaolala kwenye hilo hilo gari. Unataka kujua kama ya kwako nzima? Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa ekzosi ikiwa imepoa. Kikitoka cheusi tii, filta imepasuka au mtu kashaitoboa.

Kinachobaki ni majivu, maana kama mkaa kwenye jiko, masizi yanaungua yakaisha lakini majivu hayaungui. Yanatoka kwenye oili ya injini, kalisiamu na zinki zilizomo ndani yake, kwa hiyo weka oili ya majivu kidogo, kwenye dumu tafuta alama ya ACEA E8 (zamani E6) au API CK-4 kulingana na kitabu cha gari lako. Baada ya kilomita laki kadhaa filta itafunguliwa, itapulizwa hewa kinyumenyume na kuokwa kwenye tanuri maalumu. Usikubali ipigwe maji ya presha ya kuoshea gari, majivu yanageuka tope yanagandia mwisho wa vile vijitundu na hapo hata tanuri halitayatoa.