Je, wajua kwamba chembe zinazokata damu kwenye kidonda ndizo zinazoisaidia saratani kusambaa?

Saratani ya titi ikibaki kwenye titi, ni nadra imuue mtu. Huua ikishafika kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo. Imefikaje huko? Kwa njia ya damu, na kwa msaada wa mwili wenyewe.

Ukijikata kidole ukimenya kitunguu, damu hukatika baada ya dakika chache. Kazi hiyo huanzwa na chembe sahani, vipande vidogo vya seli visivyo na kiini, vinavyozaliwa kwenye uboho na kuishi siku 7 hadi 10 tu. Mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya huwa nazo 150,000 hadi 450,000. Mshipa ukichanika, hunata pale palipochanika, hubadili umbo, kisha huziita nyingine.

Wito huo hutoka kwenye mafuta. Si mafuta ya kupikia wala kitambi. Ni molekuli za mafuta zilizomo kwenye utando wa kila seli. Chembe sahani hunyofoa mojawapo ya mafuta hayo, asidi ya arakidoniki, kutoka kwenye utando wake na kuigeuza kuwa thromboksani A2, kemikali isiyodumu hata dakika chache, lakini muda huo unatosha kuziamsha chembe zilizo jirani.

Sasa, uvimbe wa saratani ukikua, baadhi ya seli zake huchomoka na kuingia kwenye damu. Humo maisha ni magumu. Msukumo wa damu huzipasua, askari wa kinga waitwao seli uuaji asilia huziwinda, na nyingi mno hufa kabla ya kufika popote. Ila seli ya saratani hubeba protini zinazoanzisha mgando. Chembe sahani zikikutana nazo, hufanya kilekile zinachofanya kwenye kidonda: hujazana, hunata, huifunika seli hiyo pande zote. Seli uuaji hukosa pa kuishika. La ajabu zaidi, chembe sahani huweza kuivisha seli ya saratani protini zake za utambulisho, hivyo askari wakiikagua wanamwona mwenyeji, wanapita.

Msaada hauishii hapo. Chembe sahani humwaga protini iitwayo TGF-beta, inayoifanya seli ya saratani iache tabia ya kushikamana na wenzake na ianze kutembea; humwaga pia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inayolegeza ukuta wa mshipa ili seli ipenye nje. Kwenye mifupa, mafuta mengine yanashika zamu. Majaribio ya panya yameonyesha kuwa asidi ya lisofosfatidiki inayotokana na chembe sahani huzichochea seli za saratani ya titi ziongezeke na kutoa ishara zinazoamsha seli zinazobomoa mfupa.

Uhusiano wa saratani na damu kuganda si habari mpya. Daktari Armand Trousseau wa Paris aliueleza mwaka 1865, baadaye akaona dalili ya damu kuganda mwilini mwake mwenyewe, na mwaka 1867 akafa kwa saratani. Mwaka 1968 Gabriel Gasic na wenzake walionyesha kuwa panya waliopunguziwa chembe sahani hupata uvimbe mchache wa kusambaa.

Ndiyo maana watafiti wanaiangalia aspirini, dawa inayozuia thromboksani isitengenezwe. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba thromboksani hiyohiyo huzizima seli T, askari wengine wa kinga, na kwamba aspirini huzifungulia zifanye kazi yake dhidi ya seli zinazosambaa. Mwaka huohuo, utafiti wa nchi za Skandinavia na Finland uliwapa miligramu 160 kwa siku wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo huo) wenye mabadiliko fulani ya jeni, na saratani ikarudi kwa karibu nusu ya kiwango cha wale wasiopewa.

Hata hivyo, kwa saratani ya titi jaribio kubwa la Marekani halikuona faida yoyote. Kwa hiyo tafadhali, usimnunulie mgonjwa wako aspirini dukani kwa sababu umesoma makala hii. Aspirini huweza kuvujisha damu tumboni, na dawa za kemo mara nyingi huzipunguza chembe sahani zilezile. Muulize kwanza daktari anayemtibu, akiwa na majibu ya kipimo cha damu mkononi.