Je, wajua Roma iko kaskazini zaidi ya New York?

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi na hakuna aliyekuwa na haraka ya kulala. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuwa amebakiwa na chaji kidogo kwenye simu, akaamua kuimalizia kwa maswali ya chemsha bongo kuhusu Ulaya. La kwanza lilikuwa jepesi hata nikaona haya kulijibu: "Mjomba, kati ya Roma na New York, mji upi uko kaskazini zaidi?"

New York, nikasema, hata sikufikiri. New York ni theluji, makoti marefu na mvuke unaofuka kutoka chini ya barabara. Roma ni mizeituni na watu wanaokula nje. "Umekosa," akasema. Nikamwambia simu yake ndiyo imekosea.

Haikukosea. Roma iko nyuzi 41.9 kaskazini ya ikweta, New York iko 40.7. Ni pengo la kama kilomita 130, si kubwa, lakini liko upande ambao sikuutarajia kabisa. Ukitaka mji wa Italia unaolingana na New York, inabidi ushuke hadi Naples. Chicago, ambako ukingo wa ziwa huganda wakati wa baridi, imelala karibu kwenye mstari uleule wa latitudo na Roma.

Ukishafungua mlango huo, yanaingia mengine. Toronto iko kusini kidogo ya Monaco. Montreal iko sambamba na Venice. London iko kaskazini zaidi ya Calgary ya Kanada, na kaskazini zaidi ya kila kipande cha Marekani ukiiondoa Alaska. Edinburgh ya Uskoti inaizidi Moscow, ingawa kwa kilomita kama 20 tu. Vladivostok, bandari ya Urusi ambayo wastani wa joto lake la Januari ni kama nyuzi 12 chini ya sifuri, iko kusini ya Nice, mji wa Ufaransa wenye mitende ya mapambo na Januari ya kama nyuzi 9 juu ya sifuri. Na kwa sisi wa bara hili kuna hili: Tunis iko kaskazini ya Valletta, mji mkuu wa Malta. Yaani ukitoka mji mkuu wa Tunisia kwenda mji mkuu huo wa Ulaya, unashuka kusini.

Kwa nini karibu kila mtu anakosa? Kosa langu lilikuwa na mizizi miwili. Wa kwanza ni kupima kaskazini kwa baridi. Shuleni tulichorewa duara ubaoni, ikweta katikati ikaandikwa "joto", ncha mbili zikaandikwa "baridi", kengele ikalia. Mchoro ule si wa uongo, ila ulituachia imani kwamba kipimajoto ni ramani. Ajabu ni kwamba sisi wa pwani ndio tuliopaswa kuwa wa mwisho kudanganyika hivyo. Kwetu upepo wa kaskazi ndio unaokuja na miezi ya joto kali, na kusi ndio unaotupoza. Neno lenyewe la kaskazini linanuka jasho, na bado nikalisikia nikaona theluji.

Mzizi wa pili ni wa akilini, na umechunguzwa. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Barbara Tversky, alionyesha kwamba watu wakikumbuka ramani huinyoosha: vitu vinavyokaribia kuwa sambamba wanavifanya sambamba kabisa, kama mtu anayepanga makopo kwenye rafu. Aliwauliza wanafunzi kuhusu Roma na Philadelphia, mji wa Marekani ambao nao uko kusini ya Roma, na wengi wakakosa. Kichwani tunaiweka Ulaya ikitazamana na Marekani, na Afrika ikitazamana na Amerika ya Kusini, bega kwa bega. Uhalisia ni kwamba Ulaya imepanda juu sana, na sehemu kubwa yake inatazamana na Kanada.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponibana. "Sasa kama Roma iko juu zaidi, mbona New York ndiyo yenye baridi?" Hili nililijua. Nikamwambia kwa sauti ya mwalimu: ni mkondo wa bahari, Gulf Stream, unaochota maji ya moto kutoka Ghuba ya Meksiko na kuyapeleka Ulaya. Akaridhika. Mimi nikaenda kulala nikiwa nimelipa deni la swali la kwanza, kumbe nimekopa jingine.

Jibu hilo lina historia ya heshima. Benjamin Franklin, alipokuwa msimamizi wa posta katika makoloni ya Marekani, alishangaa kwa nini meli za barua kutoka Uingereza zilichelewa sana njiani. Akamuuliza binamu yake Timothy Folger, nahodha wa kuvua nyangumi, ambaye alimchorea mkondo ambao mabaharia wa Uingereza walikuwa wakishindana nao bila kujua. Mwaka 1855 Matthew Fontaine Maury, afisa wa jeshi la majini la Marekani, akauandika kitabuni kama mto ndani ya bahari, akaupa sifa ya kuipasha joto Ulaya. Kuanzia hapo ikawa kila mwalimu anamwambia mwanafunzi wake, na mimi nikamwambia mpwa wangu.

Mkondo wenyewe upo, tena ni mkubwa kupita kiasi: unasukuma maji zaidi ya mara 20 ya mito yote ya dunia ukiijumlisha. Lakini tazama njia yake. Unatoka karibu na Florida, unapanda ukiambaa pwani ya mashariki ya Marekani, ndipo unakata kuelekea katikati ya Atlantiki. Yaani maji yale ya moto yanapita kwanza karibu na Wamarekani, yangali na moto wake. Kama maji ya moto kupita jirani yangetosha, baridi ya New York ingekuwa hafifu. Pia kuna Vancouver na Seattle, ng'ambo ya pili ya bara hilohilo, ambako Januari ni ya mvua na ukungu kama ya Uingereza. Huko hakuna Gulf Stream. Nilipoligundua hili nilikaa kimya kidogo.

Basi tuanze upya, na tuanzie ufukweni. Saa saba mchana vua viatu: mchanga unakuunguza nyayo mpaka unakimbilia majini, na maji yanakupoza. Rudi palepale saa kumi na moja alfajiri. Mchanga umepoa, na maji, ambayo hayajabadilika sana, sasa unayasikia vuguvugu. Jua ni lilelile na ufukwe ni uleule. Tofauti ni kwamba maji yanahitaji kama mara tano ya joto linalohitajiwa na mchanga wa uzito uleule ili yapande nyuzi moja, na yakishalipata hayaliachii upesi. Tena joto la mchana halipenyi mchangani zaidi ya sentimita chache, ilhali bahari inakorogwa na upepo na mawimbi mpaka joto linashuka makumi ya mita. Mchanga ni kibarua anayelipwa leo na kumaliza leo. Bahari ina kibubu.

Sasa ondoa mchana na usiku, weka kiangazi na majira ya baridi. Kiangazi chote Atlantiki inatumbukiza joto kwenye kibubu, na Januari, jua linapokuwa hafifu, inakivunja na kulirudisha angani kidogo kidogo. Bara halikuweka kitu, kwa hiyo Kanada ya kati inaingia Januari mikono mitupu. Dalili ya maelezo haya unaiona kwenye ile miji yetu miwili: Julai, Roma na New York zote huzunguka nyuzi joto 25. Zinapoachana ni Januari, Roma ikibaki kwenye 8 hivi na New York ikishuka karibu na 1.

Lakini ngoja. New York nayo iko ufukweni, inatazama Atlantiki hiyohiyo. Mbona yenyewe haipati mgawo?

Fikiria jiko la mkaa limewashwa uani, na vigoda viwili vimewekwa huku na huku, umbali sawa. Aliyekaa upande unakoelekea upepo anafuta machozi kwa moshi. Mwenzake anaongea na kucheka kama vile jiko halipo. Umbali hauna neno hapo, neno ni upepo. Kwenye latitudo za Ulaya na Marekani ya kaskazini, upepo mkuu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Hewa inayofika Ireland, Ufaransa na Ureno imetoka baharini, imeshapita juu ya kibubu kilichovunjwa. Hewa inayofika New York imetoka bara, kwenye ardhi isiyo na akiba. New York imekaa kwenye kigoda kisicho na moshi. Vladivostok pia, na Sapporo ya Japani. Vancouver na Seattle zimekaa kwenye kigoda cha upande wa pili, mbele ya jiko jingine, Pasifiki. Kanuni ikawa nyepesi: kwenye latitudo hizo, pwani za magharibi za mabara zina baridi ya wastani, za mashariki zina baridi kali.

Kuna na jambo la tatu, ambalo ndilo lililonifurahisha zaidi: milima. Weka jiwe kubwa kwenye mfereji wa maji uone. Maji yakiligonga yanapinda, na hata yakishalipita yanaendelea kuyumba huku na huku kwa hatua kadhaa. Milima ya Rocky, magharibi mwa Marekani na Kanada, ndiyo jiwe hilo kwenye mto wa hewa. Upepo ukishaivuka hushuka kuelekea kusini na kukokota baridi ya Kanada juu ya Marekani ya mashariki, kisha ukifika Atlantiki hujipinda kurudi kaskazini, ukaingia Ulaya kutoka kusini-magharibi, ambako bahari ina joto zaidi. Kwa hiyo mlima ulioko magharibi mwa Marekani unasaidia kuamua mtu wa Paris avae koti gani.

Mwaka 2002 Richard Seager wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake, akiwamo David Battisti, walijaribu jambo hili kwa modeli za kompyuta. Walipozuia bahari isisafirishe joto, Ulaya bado ilibaki na Januari yenye joto kuliko Marekani ya mashariki. Walipoisawazisha milima, sehemu kubwa ya tofauti ikapungua. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mkondo si sababu kuu ya tofauti kati ya pande mbili za Atlantiki.

Nisivuke mpaka hapa, maana nilishavuka mara mbili. Modeli si dunia, na wapo wanasayansi waliopinga kwamba Seager aliipunja bahari. Hata upande wake wanakubali kwamba joto linalosafirishwa na bahari linaongeza nyuzi kadhaa, na kwamba ukipanda kwenda Norway mchango huo unakua. Bandari ya Murmansk, Urusi, iko karibu nyuzi 69 kaskazini na meli zinaingia majira yote, wakati Churchill ya Kanada, kwenye Ghuba ya Hudson, iko chini ya nyuzi 59 na bahari yake inaganda. Huko juu, maji ya vuguvugu yanayotoka Atlantiki hayakwepeki. Halafu mwaka 2011 Yohai Kaspi na Tapio Schneider wakaleta kioja kingine kwenye jarida la Nature: maji ya moto yaliyo mbele ya pwani ya mashariki huamsha mawimbi angani yanayovuta hewa baridi kutoka kaskazini na kuimwaga kwenye pwani hiyohiyo. Kama ndivyo, Gulf Stream inachangia kuigandisha New York. Ule mkondo niliousifu kwa mpwa wangu, umegeuziwa mashtaka.

Kipimajoto kimeshindwa kutuambia latitudo, lakini jua halina mchezo huo. Ukiwa na ndugu London, mpigie katikati ya Desemba umuulize Maghrib wanaswali saa ngapi. Atakwambia kabla ya saa kumi kwa saa za kwao, saa ambayo huku kwetu ikifika watu ndiyo kwanza wamemaliza Alasiri. Wa New York atakwambia saa kumi na nusu hivi. Koti la London ni jepesi, lakini usiku wake ni wa nchi ya kaskazini kwelikweli. Edinburgh na Moscow, baridi zao hazifanani hata kidogo, ila siku fupi kuliko zote za mwaka inakaribia kulingana: mwanga wa saa kama 7, basi.

Usiku ule simu ilizimika tukiwa kwenye swali la tisa. Nilikuwa nimepata matatu, na moja kati ya hayo ni Tunis na Valletta, ambalo nililijibu kwa kubahatisha baada ya kugeuza jibu la kwanza lililonijia.