Je, wajua? Kuna wakati ngombe ananenepa zaidi akila pamoja na pundamilia

Sisi watu wa Goma tumezoea vitu viwili viko mbali mbali: ngombe wako Masisi, nyama wa pori wako Virunga, na katikati kuna mpaka. Mimi nilikuwa naamini ndiyo inatakiwa kuwa hivyo, hata nilimwambia shemeji yangu mwenye iko na ngombe kule juu ya Sake kwamba mfugaji akiona nyama wa pori kwenye malisho yake ajue tu ngombe wake wanapoteza kilo, juu nyasi ni ile ile na matumbo yameongezeka. Akaniuliza swali moja: «Ulishaangalia wanakula nini kwenye hiyo nyasi?» Sikuwa nimeangalia, na kosa lilikuwa hapo hapo, pale niliposema nyasi ni ile ile.

Shika fungu la nyasi ndefu wakati wa mvua, uligawanye kwa vidole. Chini utakuta majani laini yenye maji, na katikati yake vijiti vigumu vimesimama, vimeshazaa mbegu, vinakaribia kukauka. Ngombe anatafuta yale majani laini. Pundamilia anabeba hata vijiti.

Juu ya nini? Chukua mama mwenye iko na sufuria moja tu ya maharagi kwenye makala. Maharagi mapya yanaiva mbio, anapakua, anaweka mengine. Lakini akiweka yale yaliyokaa ndani ya mfuko mwaka mzima yatachemka mpaka magharibi, na hawezi kuongeza mengine juu sufuria imejaa. Tumbo la mbele la ngombe liko hivyo, kijiti kigumu hakiteremki mpaka kicheuliwe, kitafunwe tena, kivunjike kiwe kidogo kabisa, na muda wote huo kimeshika nafasi, ndiyo maana ngombe anaweza kukonda na tumbo limejaa. Pundamilia yeye sufuria yake iko nyuma, kwenye utumbo mkubwa, kwa hiyo chakula kinapita bila kungoja kuiva vizuri. Anapata kidogo kwa kila kinywa lakini anakula vinywa vingi sana, mchana na hata usiku. Akishapita, vijiti vimepunguka, na ngombe akija nyuma yake anakuta majani laini yako wazi.

Hiyo imepimwa. Laikipia, Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, tangu 1995 kuna viwanja 18 vya hekta 4 kila kimoja, vimezungushiwa uzio kwa namna tofauti: kingine kinaingiza ngombe peke yao, kingine ngombe pamoja na nyama wa pori, kingine hakiingizi yeyote. Matokeo ya ngombe yalitoka 2011: wakati wa mvua wale waliokula na nyama wa pori waliongeza kilo zaidi kuliko wale waliokula peke yao. Kiangazi ikageuka, juu nyasi yote imekuwa kidogo na hakuna tena cha kuchagua, kila kinachoingia kwa pundamilia kimetoka kwa ngombe. Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa na ukweli wake, ila nilikuwa nimeifanya ya mwaka mzima.

Na mtu asichukue hizi kilo kuzipeleka Masisi moja kwa moja. Laikipia ni kukavu, Masisi ni milima ya mvua na nyasi fupi ya kikuyu, vijiti ni vichache.

Laikipia kuna mashamba makubwa ya ngombe yenye yanafuga ngombe na kulinda nyama wa pori kwenye ardhi moja. Ol Pejeta iko na maelfu ya ngombe wa Boran, na ndipo wanaishi Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, wote majike. Wa mwisho wa aina yao porini walikuwa kwetu Kongo, kwenye mbuga ya Garamba.

Ngombe nao wanalipa. Mchana wanakula mbali, usiku wanalala kwenye boma moja na mavi yote yanabaki hapo. Boma likihamishwa panaota nyasi fupi tamu, na swala wanarudi hapo miaka na miaka. Kule Narok, Kenya, watafiti wamechimba maboma yaliyoachwa kati ya miaka 1,500 na 3,700 hivi iliyopita, na udongo wake bado uko na rutuba kuliko wa pembeni.