Ingekuwa tamaa ya pesa, ushindi ungemponya

"Daktari, huyu si mgonjwa, ana tamaa tu. Tumlipie deni hili la kamari, ataacha kucheza." Wiki hii nimeambiwa tena na ndugu wa mgonjwa, mwenyewe akiwa amekaa pale pale ameinamisha kichwa. Nimechoka kulijibu hili mtu mmoja mmoja.

Ingekuwa tamaa ya pesa, ushindi ungemponya. Muulizeni mraibu ushindi wake mkubwa ulikwenda wapi: ulirudi kwenye dau. Kinachomshika ni kile kipindi kati ya kuweka dau na kupata matokeo. Malipo yasiyotabirika huuvuta ubongo kuliko ya uhakika, na mkeka uliochanwa na mechi moja humtia hamu ya kubeti tena, ingawa pesa imeliwa yote. Tazameni pia wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka. Wapo ambao hawakuwahi kuwa na shida ya kamari, ikawaanza baada ya kupewa dawa zinazoiga dopamini (kemikali ya ubongo inayochochea hamu), kama pramipeksoli, na mara nyingi hutulia dozi ikipunguzwa au dawa ikisimamishwa. Ni tamaa gani hiyo inayopanda na kushuka kwa kidonge?

Mwaka 2013 DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, uliuweka uraibu wa kamari kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Mwongozo huo una dalili 9 za uraibu huu, na 4 ndani ya miezi 12 zinatosha kuutambua. Mojawapo ni kutegemea wengine wamtoe kwenye shida ya pesa aliyoileta kwa kamari. Yaani huo mnaouita msaada umo kwenye orodha ya dalili!

Sisemi mumtelekeze. Mkilipa deni, mlipeni mdai moja kwa moja. Kadi na nywila azikabidhi kwa mtu anayemwamini, na akaunti za kubeti zifungwe zote. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ile ya kubadili fikra na tabia. Dawa ya naltreksoni huwapunguzia baadhi hamu ya kucheza. Kinachonisumbua ni kwamba wengi hukatisha tiba, kwa hiyo hata matokeo yetu mazuri yanawahusu zaidi waliobaki. Na wapo wanaopona bila kumwona mtaalamu yeyote. Siwezi kumtazama mtu nikajua ni wa kundi lipi.

Kwa hiyo aliyerudia kucheza simfukuzi. Tunaanza na dau lake la mwisho: aliliweka saa ngapi, kwa pesa ya nani, na nini kilitangulia.