Je, wajua kwa nini mwindaji hukagua pua ya simba kabla ya kufyatua risasi?

Ukikutana na picha ya simba dume iliyopigwa kwa karibu, acha kwanza manyoya ya shingoni na meno. Angalia pua. Simba mchanga ana pua ya waridi, safi, haina hata doa. Akianza kukua, vinatokea vidoa vyeusi, kana kwamba kuna mtu amemnyunyizia pilipili manga. Mwaka hadi mwaka vidoa vinaongezeka na kushikana, na dume akishafika miaka mitano au sita, nusu ya pua au zaidi imekuwa nyeusi.

Kwenye vitalu vya uwindaji vya Tanzania, yaani maeneo yaliyotengwa kwa wawindaji wa kulipia, vidoa hivyo vinaweza kuamua kama simba huyo atauona usiku unaofuata.

Kwa nini umri uwe na uzito kiasi hicho? Kwa sababu risasi inayomwangusha dume kijana haimuui peke yake. Dume huwafukuza madume wanaolimiliki kundi na kuwatwaa majike akiwa na miaka minne hivi, kisha hukaa nao miaka michache kabla hajang'olewa na madume wengine. Muda huo mfupi ndio wa kuzaa na kulinda. Akiuawa mapema, madume wageni huingia, na kazi yao ya kwanza ni kuwaua watoto waliowakuta. Mama aliyefiwa huwa tayari kupandwa tena upesi, na baada ya siku kama 110 za mimba mgeni anapata watoto wake mwenyewe. Katika Serengeti, karibu robo ya vifo vya watoto wa simba wa chini ya mwaka mmoja hutokana na mauaji ya namna hii, hata pasipo mwindaji. Sasa fikiria mtu anakuja kuongeza mapinduzi hayo kwa bunduki, msimu baada ya msimu. Anapiga simba mmoja kwa leseni, wanakufa na wengine ambao hawamo kwenye leseni yoyote.

Dume mzee ni habari nyingine. Watoto wake wameshakua, na mara nyingi ameshafukuzwa kwenye kundi.

Kilichoifichua siri ya pua ni kamera. Utafiti wa simba wa Serengeti ulianzishwa na George Schaller mwaka 1966, na kuanzia 1978 ukaongozwa kwa miaka mingi na Craig Packer. Kila simba alikuwa na kadi yake yenye picha, akitambuliwa kwa mpangilio wa vidoa vya sharubu, ambao haufanani kwa simba wawili, kama zilivyo alama za vidole kwetu. Miaka ilipita, picha zikarundikana. Simba aliyejulikana mwezi aliozaliwa alikuwa na picha za utotoni, za ujana na za uzeeni. Watafiti walipozipanga pua hizo kwa umri, weusi ukaonekana unapanda ngazi kwa ngazi. Mwaka 2004 Packer na wenzake walichapisha hesabu zao katika jarida la Nature: ikiwa wawindaji watapiga madume waliovuka miaka mitano au sita tu, idadi ya simba haitayumba sana.

Hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa ya mwanzo kulitia jambo hili kwenye kanuni: kampuni inayoleta nyara ya simba kijana hupunguziwa mgawo wake, yaani idadi ya simba inaoruhusiwa kuwinda. Tanzania nayo, katika kanuni za uwindaji wa kitalii za mwaka 2010, iliweka kiwango cha miaka sita. Fuvu, meno na picha za nyara hukaguliwa baadaye ili kujua kama mwindaji alisema kweli. (Kenya haina mjadala huu, kwani uwindaji wa nyara ulipigwa marufuku huko mwaka 1977.)

Huko porini mambo si mepesi. Safari ya kuwinda simba Tanzania kwa kawaida ni ya siku 21. Chambo cha nyama hufungwa mtini, kamera ya mtego inayojipiga yenyewe mnyama akipita inawekwa pembeni, na asubuhi mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mteja, anapitia picha za usiku: nani alikuja, yuko peke yake au na watoto, pua ikoje. Picha za usiku hazina rangi, na kivuli kinaweza kumzeesha kijana. Tena pua za simba wa eneo moja hazilingani sawasawa na za eneo jingine. Kwa hiyo pua husomwa pamoja na manyoya, makovu na meno. Ukibaki na shaka, huna ruhusa ya kubahatisha.

Na umri peke yake hausafishi kila kitu. Cecil, simba wa hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe aliyeuawa mwaka 2015, alikuwa na miaka kama 13. Pua yake ingepita mtihani. Lakini aliuawa nje ya mipaka ya hifadhi, mahali ambapo mamlaka za nchi hiyo zilisema hapakuwa na mgawo wa simba.

Sisi wenye kamera pia tusijione watakatifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Masai Mara ulionyesha kuwa penye watalii wengi, jike hukuza watoto wachache mno kuliko penye watalii wachache. Gari likimziba mama anayenyatia swala, picha inapatikana na watoto wanalala njaa. Nadhani hilo linatuhusu kama risasi inavyomhusu mwindaji.

Picha ninayoipenda katika habari hii yote haina uzuri wowote. Ni ya siku ya 19: dume anatazama lenzi uso kwa uso, damu ya chambo kidevuni, pua bado nusu waridi. Mwindaji bingwa anamwambia mteja wake washushe bunduki. Mteja amelipa fedha nyingi na siku zimebaki mbili. Picha inaandikwa tarehe na jina la kitalu, inahifadhiwa, ili dume huyo akirudi kwenye chambo mwakani ziwepo pua mbili za kulinganisha.